Masikio ya Beberu Mweupe

Mume wangu Mayige haambiliki. Lazima aone kwa macho yake. Hapa kijijini Sapiwi aliwahi kuchimba kichuguu siku mbili akimtafuta malkia wa mchwa, pamba inamsubiri shambani. Ndiye niliyeolewa naye, nifanyeje?

Mwaka jana nesi Violeth alimkuta na baka mkononi lisilosikia hata sindano. Ukoma. Akampa dawa za mwaka mzima, vidonge vyeupe na vya kahawia, akamwonya kwamba kile kidonge cha kahawia kitambadilisha ngozi, ila rangi itarudi akishamaliza. Miezi mitatu tu, Mayige akawa mweusi wa wekundu-wekundu, hata jasho likawa linachafua singlendi.

Kaka yake, Bujiku, akaacha kumpa mkono.

"Dawa gani inamgeuza mtu rangi? Umerogwa. Achana nayo, twende kwa mfumu," akamwambia, yaani kwa mganga.

Niliogopa kweli, maana Mayige hapingi neno la kaka yake. Na akiacha dawa, vidole vinakwenda.

"Ngoja kwanza nipime," Mayige akajibu.

Anapima nini, sikujua, mpaka nilipomfuma zizini anamlisha beberu wetu mweupe kidonge cha kahawia ndani ya pumba. Siku ya ishirini hiyo! Yeye alikuwa akimeza vile vyeupe tu.

"Baba Salu, una wazimu? Mbuzi ana ukoma?"

"Mbuzi hana adui, Mama Salu. Akigeuka rangi, ni dawa. Asipogeuka, nimerogwa."

Nilitamani kumchapa. Lakini mwenzenu na mimi nikainama kutazama. Manyoya meupe pee, vilevile. Nikajua dawa ndiyo basi. Ndipo Mayige akafunua sikio: ndani, ngozi ilikuwa ya kahawia kama chai ya rangi.

Kesho yake Violeth alimgombeza mpaka nikamwonea huruma. Siku zote alizoruka atazilipa kwa kumeza. Mayige akaitikia, "Sawa, nesi," huku anacheka.

Jioni Bujiku akaja, Mayige akamweleza. Akatia mate kidoleni, akasugua sikio la beberu, akidhani tumepaka kitu. Rangi haitoki. Akahamia la pili.

"Sasa nani amroge mbuzi?" akanung'unika.

Akajifuta kidole kwenye suruali, akamnyooshea mdogo wake mkono.

"Mwadila," akamsalimu.

Mayige aliupokea kwa mikono miwili, akakaa nao. Mimi nililia palepale zizini, wala sioni haya kusema.