Kitambaa Cheupe Nilichopeleka Maabara

Saratani ya ovari ilimuua dada yangu Kavira, tukamzika kijijini Kipese. Baada ya matanga nikasikia kwamba kipande cha uvimbe wake kimebaki kwa watafiti wa hospitali, mjini Butembo. Hasira ikanipanda. Kwetu mtu huzikwa na viungo vyake vyote. Nikabeba kitambaa cheupe cha kukizikia, nikaenda na binti yake Masika, nikapiga meza ya maabara mbele ya wagonjwa wote.

“Muliiba kipande ya dada yangu! Murudishe!”

Daktari hakupandisha sauti. “Papa, tunatafuta sababu dawa ilishindwa. Seli za ule uvimbe zilikuwa zinajikula zenyewe juu ya kuishi, dawa haikuziua. Na jeni yenye kuzuia uvimbe ilikuwa imeharibika. Pengine Masika aliirithi vile vile. Tunakuita kila wiki tumupime damu, unakata simu.”

“Nani aliwapa ruhusa?” nikanguruma.

Akaweka karatasi mezani. Siku ya operesheni ya Kavira nilitia sahihi rundo la karatasi za Kifaransa bila kusoma, kwa aibu ya kuuliza. Masika aliinama akasoma, huku akikunja mkono wa blauzi yake atolewe damu, akaniuliza mimi mjomba wake:

“Mais tonton, hii si signature yako?”