Mahali pa Sita

Nilitoka mtaa wa Oli asubuhi moja na begi mgongoni, ndani yake shuka, sahani ya bati na nguo mbili, na sikuwa na mahali nilipopanga kwenda. Nilimwachia jirani ufunguo wa chumba. Akaniuliza narudi lini, nikamwambia tutaona. Hakushangaa. Tangu nilipoacha shule baada ya darasa la saba nimekuwa mtu wa kuhama: nimepakia muhogo kwenye malori, nimechoma matofali, nimekata mbao mwaka mzima ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo. Popote nilipofika nilitaka kujua kila kitu kinavyofanya kazi, na nikishajua naondoka. Mama alikuwa akisema mimi ni mbuzi aliyekata kamba, ila mbuzi huyu anataka kwanza kujua kamba ilisukwaje.

Nilivuka mto nikapanda kuelekea mjini Arua. Nikapita nje ya duka la kompyuta nililofanyia kazi. Lilikuwa bado halijafunguliwa, na nilishukuru, kwa sababu mambo yote yaliyonitoa nyumbani asubuhi ile yalianzia mle ndani.

Lilikuwa duka la kuchapa barua, kutoa fotokopi na kuwawekea watu filamu kwenye simu. Niliajiriwa kufagia na kuwasha jenereta umeme ukikatika. Siku moja alikuja mwalimu wa kike anayefundisha kemia sekondari. Kompyuta ya shuleni kwake ilikuwa imekufa, basi aliweka programu yake kwenye kompyuta yetu ya pembeni ili apate picha za kuwaonyesha wanafunzi. Alipotoka kwenda kunywa chai, nikakaa kwenye kiti chake.

Kwenye kioo kulikuwa na kitu kama kishada cha mipira midogo, mingine ya kijivu, mingine myekundu. Nilisukuma mausi, kishada chote kikageuka. Nikakivuta karibu mpaka nikawa kama nimeingia katikati yake, nikatokea upande wa pili. Shuleni tuliambiwa kila kitu kimeundwa kwa chembe ndogo, lakini ubaoni chembe zilikuwa herufi tu. Hizi zilikuwa na mgongo. Ungeweza kuzizunguka kama unavyozunguka nyumba kutafuta mlango.

"Nani amekuambia uguse?" Mwalimu alikuwa amerudi.

"Hakuna, mwalimu. Hii ni kitu gani?"

"Sukari."

"Ya kwenye chai?"

"Hiyohiyo niliyotoka kunywa."

Mwenye duka akacheka kutoka kwenye mashine ya fotokopi. "Mwalimu, huyo usimjibu. Ukimjibu moja, shule utafunga."

Lakini alinijibu. Alikuwa mtu wa kujibu. Alinionyesha namna ya kuficha vitu usivyovitaka, ya kupaka kila sehemu rangi yake, ya kuvuta mafaili kutoka kwenye ghala la mtandaoni ambamo wanasayansi huweka maumbo waliyoyapima, na yeyote anaruhusiwa kuyachukua. Ndipo nikamuuliza kama iko ya damu.

Niliuliza kwa ajili ya dada yangu. Alikuwa na miaka kumi na tisa na alizaliwa na ugonjwa wa selimundu, ambao kwetu watu wanauita sikoseli. Chembe nyekundu za damu yake zilikuwa zinajipinda kama mundu na kukwama kwenye mishipa. Zikikwama, mifupa inauma mpaka mtu anauma shuka. Kabla yake mama alikuwa amezika watoto wawili, ndugu zetu, kwa ugonjwa huohuo, na huko Ayivu, nyumbani kwa baba, shangazi zangu walikuwa wakisema mama alikuja nao kutoka kwao Koboko. Walisema binti wa askari amezaliwa kambi hadi kambi, nani anajua alipita na nini. Walisema hivyo wakimenya muhogo, yeye akiwa amekaa hapohapo anamenya nao.

Mwalimu alivuta maumbo mawili: protini ya damu nzima na ya damu yenye ugonjwa. Ni minyororo minne iliyojisokota pamoja, na kila mnyororo umekumbatia chembe moja ya chuma. Nilizigeuza zote mbili nikashindwa kuona tofauti. Akaniambia nitafute mwanzo wa mnyororo mmoja katika ile jozi aliyoipaka rangi ya buluu, nihesabu pete zake kwa kidole kwenye kioo. Moja, mbili, tatu. Pete ya sita ilikuwa tofauti. Kwenye damu nzima palikuwa na mkia unaopenda maji. Kwenye damu yenye ugonjwa palikuwa na kinundu kifupi kinachoyakimbia maji kama mafuta. Kwa kuwa kipo nje, kinatafuta mahali pa kujificha, na kinapata kishimo kwenye protini ya jirani. Zikishikana hivyo mbili, zinashikana mia, zinakuwa kamba ngumu ndani ya chembe, na chembe inapinda.

Hicho tu. Katika vitu vyote vile vilivyojisokota, palikuwa na pete moja tu isiyo yake.

Nilimleta dada dukani siku aliyotoka kliniki. Alitembea polepole, akakaa, nikampa mausi.

"Hii ndiyo inaniuma?"

"Ndiyo."

Akaigeuza huku na huku. "Ni nzuri. Mimi nilidhani iko na meno."

Nikamhesabia mpaka mahali pa sita. Aliangalia kwa muda mrefu, kisha akauliza imetoka wapi. Nikamweleza kama mwalimu alivyonieleza: kila mtu ana maandishi mawili ya kutengenezea damu, moja la baba na moja la mama. Mwenye kosa kwenye andishi moja tu haugui na hajui kama analo. Mtoto akipata makosa mawili, moja huku na moja huku, ndiye anayeugua. Hakuna anayechagua kumpa mtoto lipi.

"Kwa hiyo baba naye."

"Baba naye, sawasawa."

Akaachia mausi. "Mama hajui hiyo. Mama akinikanda miguu anaomba msamaha, anadhani mimi nimelala. Mwonyeshe kama ulivyonionyesha."

Nilisema nitamwonyesha. Kompyuta ya watu huwezi kuibeba hadi Ayivu, basi nikachapa picha kwenye karatasi, nikazungushia kalamu nyekundu mahali penyewe. Kisha kukatokea kazi ya siku chache mpakani, na baadaye mvua, na mimi ni yule mbuzi. Karatasi ilikaa ndani ya begi. Dada alilazwa akiwa na homa na kifua, na asubuhi ya siku ya tatu muuguzi akafunika uso wake mimi nikiwa bado nimeshika kikombe cha uji.

Kwetu maiti haiingii kaburini mpaka sababu imesemwa mbele ya wajomba. Mtoto ni wa kwao kwa upande wa damu. Wanakuja, wanasimama, wanauliza, na upande wa baba unajibu watu wote wakisikia. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa hospitali, nilipewa mimi kujibu. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli: nilikuwa nimemzika moyoni dada yangu tangu jana yake, na bado nilifurahi kwamba nitasimama mbele ya shangazi zangu wote na kumsafisha mama.

Mjomba alisimama, askari mstaafu, mkono mmoja nyuma. "Mutoto yetu iko hapa. Tuambie kitu gani imemuua. Sema polepole."

Na mtu anayejibu wajomba ana utaratibu wake. Anaanza na wao. Salamu kwao kwanza, jambo lao kwanza, ndipo aje kwa wa nyumbani. Ukianza na upande wa baba umewadharau, na wanaweza kuondoka na kuacha kaburi wazi. Nilijua hivyo toka utotoni, sikufikiri hata kidogo. Nikainua karatasi juu, nikasema: "Wajomba zangu, kwa heshima naanza upande wenu. Damu ya dada ilikuwa na kosa mahali pa sita. Kosa hilo alilipata kwa mama..."

"Mumesikia," akasema shangazi mkubwa. "Mutoto wake mwenyewe amesema. Na karatasi iko nayo."

Kilio kikapasuka. Nilikuwa naendelea, nasema na kwa baba vilevile, moja huku na moja huku, nilisema mara mbili na mara ya tatu nikipaza sauti, lakini wanawake walikuwa wameshaanza wimbo na vijana wameshashika makoleo. Mjomba alibaki amesimama akiniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka nilikuwa upande gani vitani.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka. Nilimwendea na karatasi. Hakuitazama. Alinitazama mimi, akasema, bila hasira, "Hata wewe."

Siku ya nne alikuwa hayupo. Baba alisema amekwenda kwa kaka yake Koboko, akainuka akaenda kuangalia mtama wake. Nilimweleza baba pia, jioni ile, tangu mwanzo, nikianza na yeye. Alisikiliza yote. Akasema nimesoma vizuri, lakini maneno ya kaburini hayafukuliwi.

Nilirudi Oli. Dukani nilikaa mbali na kompyuta ya pembeni, na siku mwalimu aliponiuliza kama mama alielewa, nilimwambia ndiyo. Wiki zikapita hivyo, mpaka asubuhi ile nilipofunga mlango.

Pale mjini dereva wa lori la saruji alikuwa anafunga turubai. Nikamsaidia kukaza kamba ya upande wa pili.

"Koboko?" akaniuliza.

Nikajisikia nasema ndiyo. Nimezunguka pande zote isipokuwa huko. Kwa mama nilidhani hapatahama, nitakwenda wakati wowote.

Njiani aliniuliza naenda kuona nani. Nikamwambia mama.

"Na umembebea nini?"

"Sikumbebea kitu."

"Mutu anaenda kwa mama yake hata sabuni hakuna," akasema, akakaza macho barabarani.

Alinishusha Koboko mchana. Mji ulikuwa umejaa watu wa pande tatu za mpaka, na lugha zilizokuwa zinapita kando yangu zilikuwa nyingi kuliko nilizozoea. Sikuthubutu kwenda moja kwa moja kwa mjomba na begi mgongoni, kama mgeni aliyealikwa. Nikauliza vyumba vya kupanga, nikaelekezwa nyuma ya msikiti, kwa mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anapepeta maharagwe uani. Tukasalimiana. Hakuniuliza nafanya kazi gani. Aliniuliza mama yangu ni nani, kwa sababu ndivyo mgeni anavyojulikana.

Nikamtajia.

Ungo ukasimama. "Yule wa Ayivu? Ambaye damu yake imemaliza watoto?"

"Hapana, mama," nikasema. "Siyo yeye. Mimi ndiye niliyesema vibaya."

Akanionyesha kiti. Nikakaa, nikamweleza. Sikuwa na kompyuta wala karatasi. Nilianza na baba: kosa moja alilokuwa nalo bila kujua, kama mama alivyokuwa na lake bila kujua, na wote wawili wazima, wanalima. Kisha watoto, mmoja mmoja. Alinikatiza mara nyingi. Aliuliza kama mimi ninalo, nikamwambia sijapimwa. Aliuliza kwa nini hawa walikufa na mimi nikabaki, nikamwambia hakuna kwa nini. Mwisho akauliza, "Na siku ile ulianza na mama?"

"Kwa heshima ya wajomba."

"Ee," akasema. Alielewa hapo hapo, na kueleweka kule kuliniuma kuliko nilivyotarajia. Akatikisa ungo. "Mama yako anapita hapa kwenda kisimani. Hasalimii mutu."

Akainuka, akafungua chumba cha mwisho. Kulikuwa na kitanda cha kamba na dirisha dogo. Akanionyesha ndoo na choo, akaniambia nisikoge asubuhi sana nikamaliza maji ya wenzangu.

"Unalala siku ngapi?"

"Mpaka atakapokubali kunisikiliza."

"Basi utalala sana," akasema, akanipa kufuli.