Shavu la Upande wa Dirisha

Baba yangu aliendesha watalii kwa miaka thelathini na mmoja, na miaka yote hiyo aliendesha ameshusha kioo. Usukani wa magari yetu uko kulia, kwa hiyo jua lilimpata upande huo. Alipostaafu na kutulia nyumbani Olasiti na ng'ombe wake wawili, alikuwa na nyuso mbili: shavu la kushoto la mwanamume wa miaka hamsini, laini, lenye haya kidogo, na shavu la kulia la babu yangu, lenye mikunjo iliyoteremka kutoka kona ya jicho hadi shingoni kama njia za maji mlimani baada ya masika.

Mtu wa pwani akipigwa na jua hutokwa jasho, akatafuta kivuli. Kwetu huku juu jua huja limeshikana mkono na baridi. Unaliota, unashukuru, nalo linaendelea na kazi yake. Mwezi wa saba upepo mkavu hupanda kutoka tambarare ya Terrat na vumbi lake, midomo ikapasuka, na wanaume wakapauka kimyakimya, kwa sababu mwanamume anayezungumzia ngozi yake huku kwetu ataulizwa kama ana homa.

Baba naye hakuizungumzia hadi alipofika miaka hamsini na tisa. Mama alikuwa amefariki miaka minane nyuma. Asubuhi moja aliingia jikoni nilipokuwa naandika, akaweka mezani chupa ya dawa ya minyoo ya ng'ombe, akakaa.

"Amenipa shikamoo tena," akasema.

"Nani?"

"Mama wa dawa za mifugo."

Nilimfahamu. Alikuwa mjane, Mchaga, mwenye duka kule Sekei. Baba alivuka mji mzima kwenda kwake, ingawa Olasiti kuna maduka mawili yanayouza dawa hizo hizo. Alimzidi mjane huyo miaka sita. Sita ni namba ngumu. Mtu aliyekuzidi miaka sita unaweza kumwamkia, na unaweza kumwuliza tu habari za asubuhi, na uamuzi huo unaufanya kwa kumtazama usoni.

"Ni heshima, baba."

"Ni heshima ya kunisindikiza makaburini. Siwezi kumtamkia mtu jambo la ndoa wakati ametoka kuniamkia. Nikishaitikia marahaba, naanzia wapi?"

Jambo la ndoa nililisikia hapo kwa mara ya kwanza. Nilifunga daftari.

Jumamosi nikampeleka kwenye saluni ya kiume ninakonyolewa, ambako ukishanyolewa dada mmoja hukusugua uso kwa skrabu na kukufunika taulo la moto. Baba alilala kwenye kile kiti kama mtu anayemsubiri mchungaji. Dada akasugua kushoto, akasugua kulia, akarudi kushoto.

"Mzee, hizi pande mbili ni zako zote?"

"Zote."

"Huku umekaa nje sana, baba yangu. Skrabu inatoa vumbi, mikunjo haitoi. Tafuta kofia yenye ukingo mpana, halafu paka mafuta ya kuzuia jua kila asubuhi, hata kukiwa na mawingu. Miezi mitatu, minne, utaona."

"Nitaona nini?"

"Kwamba haijaongezeka."

Baba alimshukuru vizuri. Tulipotoka nje akasimama. "Miezi minne ili nibaki nilivyo," akasema. "Hilo nilikuwa nalifanya mwenyewe."

Jumatatu alirudi na kopo dogo lisilo na maandishi. Aliyemuuzia sokoni alikuwa amemwapia kwamba linarudisha miaka kumi nyuma. Hapa inabidi nikiri sehemu yangu. Baba alitaka kupaka uso mzima. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba akirudisha miaka kumi pande zote mbili, tofauti itabaki pale pale. Apake kulia tu, mpaka kulia kukutane na kushoto. Ilikuwa hoja nzuri. Nimeandika riwaya nzima kwa hoja dhaifu kuliko hiyo.

"Ero, shika kioo vizuri," akasema. Ndivyo wazee wetu wanavyomwita kijana. Nikashika vizuri.

Siku ya pili shavu liling'aa. Siku ya tatu kuliamka ukungu na baridi, akaenda kukata majani ya ng'ombe bila kofia. Ukungu uliondoka saa tatu. Yeye alirudi saa saba. Jioni shavu lilikuwa jekundu kama udongo wa shimo jipya, na kesho yake likaanza kubanduka. La kushoto liliendelea na maisha yake.

Kopo nililitupa chooni. Baba alijifungia ndani siku nne, na angekaa zaidi kama ng'ombe mmoja asingevimba kiwele.

"Nitaenda mimi," nikasema.

"Wewe hujui kueleza kiwele," akajibu, na ilikuwa kweli.

Dukani alisimama kiubavu, amempa yule mama shavu la kushoto peke yake, akaanza kueleza ugonjwa huku akiitazama kalenda ya ukutani. Mimi nilibaki mlangoni. Niliona shikamoo ikija mdomoni kwa mama, kisha nikaona imesimama.

"Geuka," akasema.

"Ng'ombe mwenyewe ni yule mweusi..."

"Ng'ombe nimemsikia. Geuka."

Baba akageuka. Yule mama akazunguka kaunta, akamshika kidevu kama anavyoshikwa ndama.

"Nani kakufanyia hivi?"

Baba hakunitazama, na wema huo sitausahau.

"Nilitaka kuupunguza," akasema.

"Kuupunguza nini?"

"Uzee. Wa huku."

Mama hakucheka. Alishusha kutoka rafu kopo la mafuta ya kukamulia, yale ya kulainisha chuchu za ng'ombe zilizopasuka.

"Asubuhi na jioni. Pande zote mbili. Wewe si nyumba ya barabarani, upakwe rangi mbele tu. Na uvae kofia."

"Haya si ya ng'ombe?"

"Hakuna ng'ombe aliyerudi kulalamika."

Tulipokaribia nyumbani baba akapunguza mwendo.

"Umesikia?" akauliza.

"Nini?"

"Hakuniamkia."

Ningeweza kumwambia kwamba mtu akishtuka husahau salamu. Nikamwambia nimesikia.

Wiki mbili baadaye alinyoa ndevu, akavaa kofia mpya, akasema mafuta yamekwisha. Kopo lilikuwa dirishani, limejaa zaidi ya nusu. Nilimsindikiza, nikabaki ndani ya gari. Shavu lilikuwa limepona, na mikunjo yote ilikuwa mahali pake. Yule mama alikuwa anafagia mbele ya duka. Akaegemeza ufagio ukutani.

"Lete huo uso niuone," akasema.

Baba akavua kofia, akampa upande wa kulia. Nilipoona anaanza kusema, nikapandisha kioo.