Dada Aliwahi Kupima

Dada yangu anaishi Kitangari, juu uwandani karibu na Newala, na mimi naishi Masasi mjini. Katika kipindi kile cha korona, binti yake alikuwa mpishi kwenye meli ya watalii, na meli hiyo ilikuwa inakuja kutia nanga Mtwara. Wafanyakazi hawakuruhusiwa kushuka. Ndugu hawakuruhusiwa kupanda kusalimia. Aliyepanda ni abiria tu, mwenye cheti cha kipimo.

Basi binti akatuombea nafasi mbili za bei ya ndugu. Siku ya kwanza ni ya gari: linachukua watu Masasi, linapita Newala watalii waone bonde la Ruvuma kutoka juu, kisha linateremka kulala Mikindani, karibu na Mtwara. Kesho yake ni meli, hadi Kilwa na Unguja.

"Yaani nipande gari nikaonyeshwe Newala?" dada alicheka kwenye simu. "Si wangenipa mimi hiyo kazi ya kuonyesha?"

Lakini alikuwa hajamwona mwanawe tangu aajiriwe, na kicheko chake kilikatika upesi.

Nimefundisha shule ya msingi maisha yangu yote, kwa hiyo kueleza hakunichoshi. Nilimwambia: cheti hakitakiwi kuzidi siku tatu siku ya kupanda meli. Nikarudia. Akasema amenielewa. Asubuhi iliyofuata akapiga tena.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Nimeshapima! Nimefika Newala hospitali haijafunguliwa. Nimekuwa wa kwanza."

Niliketi. Safari ilikuwa wiki nzima mbele.

Ilibidi nifikirie anakoishi kabla sijafungua mdomo. Kitangari maji ni ya foleni. Ukitaka maji, unapeleka ndoo bombani kungali giza, na ndoo yako inakushikia nafasi ya mbele. Aliyechelewa hurudi na ndoo kavu. Mtu aliyelelewa hivyo, ukimwambia kitu kinahitajika, atawahi. Na mimi nimelelewa bomba hilohilo. Nilipaswa kumwambia asiwahi.

"Dada, umefanya vizuri kujizoeza," nilimwambia. "Sasa hiki cheti ni kama maandazi. Ya leo watu wanayagombania, ya wiki iliyopita hakuna anayeyataka."

"Kwa hiyo wanichokonoe pua tena?"

"Tena."

"Mdogo wangu, yule kijana amefika kwenye ubongo!"

Siku zile sikutulia. Nilikuwa napanga nguo na kuzipangua. Ilikuwa ni msimu wa kupuliza mikorosho dawa ya unga, na kila nilipompigia dada nilisikia anakohoa.

"Ni salfa," alisema. "Jirani anapuliza tangu asubuhi. Uwanda mzima unakohoa."

"Najua. Ila hao wa melini hawajui mikorosho."

"Basi nitakohoa kabla sijafika kwao."

Kwetu msafiri huaga nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ina mikono ya kushika. Nilimsihi mwaka huo aage kwa mbali. Aliniambia amesimama njiani na barakoa yake, anapunga mkono, na mama mmoja amemuuliza kama wamegombana.

Siku mbili kabla ya meli tulipima, yeye Newala, mimi Masasi. Majibu yangekuja kwa simu. Jioni niliiweka simu mezani, nikaihamishia dirishani ambako mtandao ni mzuri, nikairudisha mezani. Nilikuwa namwombea dada na salfa yake. Yangu sikuyafikiria.

Yangu ndiyo yalikuja kwanza. Nina maambukizi.

Sikuwa na homa, sikuwa hata na mafua. Niliyasoma tena kama mwanafunzi anayetumaini mwalimu amekosea kusahihisha. Kisha nikampigia.

"Basi na mimi siendi," alisema papo hapo. "Nitapitaje huko peke yangu? Wewe ndiye unayejua mambo ya vyeti."

"Hatujaonana tangu mwezi uliopita, dada, kwa hiyo yangu hayakuhusu. Yako yakija salama, unakwenda."

"Na yasipokuja salama?"

Nilimwambia aiweke simu karibu. Nikamsikia akikohoa, na safari hii hatukucheka.

Yake yalikuja asubuhi. Salama. Nilimweleza kwa mara ya mwisho: chapisha cheti stesheneri, kiweke pamoja na kadi ya chanjo, usikikunje, kabla hujapimwa joto simama kivulini kwanza. Alijibu "ndiyo, mwalimu" kila mara. Gari lilipita Masasi bila mimi, likapanda kumfuata.

Kesho yake nilishinda nimejifungia chumbani, natembea kutoka kitandani hadi mlangoni. Simu yake haikupatikana asubuhi. Haikupatikana mchana. Niliwaza kipimajoto, kikohozi, cheti kilichokunjwa.

Alasiri ikaita. Nilisikia sufuria zikigongana, na mtu akilia na kucheka kwa pamoja. Alikuwa binti.

"Shikamoo mama mdogo! Nimetumwa mlangoni mwa meli kupokea wageni, namkuta mama kakaa juu ya begi lake. Anasema alipofika asubuhi, geti la bandari lilikuwa bado halijafunguliwa."

Nyuma yake dada alipaza sauti: "Mwambie nilikuwa wa kwanza!"