Dodoki Lililolowa

Mtaani kote walimwita Shangazi Povu. Ushangazi aliupata kwa haki, maana ndiye aliyemlea mpwa wake tangu hajui kufunga kamba za viatu. Upovu aliupata kwenye jiko la hospitali, alikoosha sahani za wagonjwa mpaka alipostaafu. Kwake sahani haikuwa safi mpaka iseme. Aliisuuza, akaipitisha kidole gumba usoni, na ikilia kwii ndipo alipoipandisha kwenye kichanja. Isipolia ilirudi kwenye povu, hata kama wewe una njaa na chakula kinapoa.

Sasa aliishi kwa mpwa wake huyo, pamoja na mke wake na kitoto chao kilichokuwa kimeanza kukaa. Kupika walipokezana, kufua ilikuwa kazi ya mkwe, lakini vyombo vilikuwa vya Shangazi. Aliyegusa dodoki lake aliulizwa, "Kwani mimi nimekufa?"

Ndiyo maana lile jambo la dodoki lilimkosesha raha.

Kila alipomaliza kazi ya jioni alilikamua mpaka tone la mwisho, akalitundika kwenye msumari karibu na dirisha. Asubuhi alilikuta limelowa chapachapa. Mara ya kwanza alijilaumu mwenyewe. Mara ya pili alililaumu bomba, ingawa bomba lilikuwa huku na msumari kule. Baadaye akaanza kumtazama mkwe wake kwa pembe ya jicho. Hawa wanakula nikishalala, aliwaza. Akachungulia trei la mayai, mayai yalitimia. Akachungulia mkebe wa maziwa; haukuwa umepungua. Badala ya kumtuliza, hilo likamzidishia shaka. Basi wanaleta chakula kutoka nje na kukificha! Afadhali mwizi wa mayai.

Kisha likaja la mashine. Siku moja alitoka kuanika nguo, akamkuta mkwe jikoni na fundi mwenye futi mkononi.

"Hiki kikabati cha pembeni ya sinki ndicho kitakachotoka," fundi alisema.

"Kitoke tu," mkwe akajibu. "Vilivyomo tutavitafutia mahali."

Kikabati chenyewe kilikuwa cha Shangazi. Ndani mlikuwa na mabeseni yake, vitambaa vyake vya kufutia, na aproni ya hospitali iliyofubaa hata haijulikani ilianza na rangi gani. Alirudi uani, akaanua nguo ambazo hazijakauka.

Wakati wa kula mpwa wake alijikohoza. "Shangazi, tunaleta mashine ya kuoshea vyombo. Upumzike sasa."

Kupumzika! Hospitalini nako walianza hivyo hivyo kumwambia apumzike, kesho yake wakamkatia keki na kumdai funguo.

"Nimesema nimechoka?"

"Hapana, lakini..."

"Basi?"

Mpwa akamtazama mkewe, mkewe akalitazama bakuli lake. Shangazi aliyaona macho yale yakipishana. Alipoingia chumbani aliliburuta begi lake kutoka uvunguni, akaweka kanga mbili ndani, akaliacha wazi. Pa kwenda palikuwa kwa mdogo wake tu, naye alikuwa na chumba kimoja na wajukuu tele. Lakini kuondoka mwenyewe kulikuwa na heshima kuliko kutafutiwa mahali pamoja na mabeseni.

Siku ya kufunga mashine, mpwa alikuwa kazini. Shangazi aliamka mapema akaosha kila chombo, ili mgeni asiuone uchafu wao, na ili hilo dude likija likose cha kufanya. Kisha akachukua kiti, akakaa mlangoni mwa jiko, mikono kifuani.

"Bosi, umekuja kunisimamia?" fundi akamtania.

"Nimekuja kuangalia unavyoniharibia jiko."

"Nikiharibu nitatengeneza."

"Wote husema hivyo."

Fundi akafunga maji, akaking'oa kikabati. Pale kilipokuwa pakabaki pengo lenye vumbi na kijiko kilichopotea zamani. Akatoboa tundu ubavuni mwa kabati la sinki, akapitisha mpira wa maji safi na mpira wa maji machafu. Ule wa maji safi akauungia kwenye bomba, na nyuzi za bomba akazizungushia utepe mweupe. Ule wa maji machafu akaupandisha mpaka chini ya ubao wa meza, akaufunga pale, ndipo akaushusha kwenye bomba la sinki.

"Wewe! Tangu lini maji machafu yakapandishwa mlima?"

"Usipopanda kwanza, mama, uchafu wa sinki utarudi ndani ya mashine."

"Kumbe hilo dude lako linaweza kuoshea vyombo maji ya sinki."

"Likifungwa vibaya."

"Nakuangalia."

Mkwe alikuwa amesimama na mtoto kiunoni. Fundi akaisukuma mashine kwenye pengo, akaweka pimamaji juu yake, akazungusha miguu yake mpaka ikakaa sawa. Akajifuta mikono.

"Haya, nipeni vyombo vichafu tujaribu."

"Nyumba hii haina vyombo vichafu," Shangazi akasema, na raha aliyoisikia ilimfika hadi kwenye vidole vya miguu.

Fundi akageuka. "Si hivi hapa?"

Akaenda kwenye kichanja huku akipiga mluzi. Akachukua sahani, akaipanga ndani ya mashine. Akachukua nyingine. Akachukua kikombe cha mtoto chenye masikio mawili, akachungulia ndani, akakipanga nacho.

"Wee! Hivyo ni safi!"

Mluzi ukakatika. Fundi akamtazama mkwe, kisha akaitazama sahani. "Samahani, mama. Nimeona yai, nikadhani..."

"Yai gani?" Shangazi alishainuka. Akaichomoa ile sahani, akaipitisha kidole gumba usoni. Kwii. "Umesikia?"

"Nimesikia. Hebu pitisha na mgongoni."

Akapitisha. Kidole kikakwama kwenye kitu kigumu, kama kigaga cha kidonda. Akaisogeza sahani karibu na macho, akaisogeza mbali, akaipeleka dirishani. Macho yalimwambia ni nyeupe tupu. Kidole kilikataa.

Akamgeukia mkwe. Mkwe alikuwa ameweka kidevu juu ya kichwa cha mtoto, macho yamejaa. Hapo ndipo dodoki lilipopata mwenyewe.

"Ni wewe," Shangazi akasema. "Unaviosha tena nikishalala."

"Ndiyo, Shangazi."

"Tangu lini?"

"Tangu mtoto alipoharisha. Sikujua kama ni vyombo au si vyombo. Niliogopa tu."

Fundi akakumbuka ghafla kwamba ana kazi chini ya sinki, akaingiza kichwa humo.

"Na mimi nikasema mnakula kwa siri," Shangazi akasema. Mkwe akacheka huku chozi likimdondoka. "Ungeniambia, mwanangu."

"Ningeanzia wapi? Wewe uliyemlea mume wangu, mimi nikuambie huoshi vizuri? Nilitaka uache bila kuambiwa uache."

"Huko ndiko kufukuzwa kwenyewe. Hospitalini walinifanyia hivyo, tena kwa keki."

"Nani anakufukuza? Aproni yako ile pale, nimekutundikia nyuma ya mlango."

Shangazi akageuka. Aproni ilikuwepo. Alikuwa ameipita tangu asubuhi bila kuiona.

"Sufuria za alumini msiweke humu," sauti ya fundi ikatoka chini ya sinki. "Zitakuwa nyeusi. Hizo ni za mkono."

"Unaona?" mkwe akadakia. "Sufuria ni zako."

"Usinipe sufuria kama mtoto anayepewa kifuniko achezee ili anyamaze."

Mashine ikawashwa. Shangazi alikaa mbele yake muda wote, akisikiliza maji yakizunguka kama mtu anayesikiliza wanaomteta. Ilipomaliza na kupoa kidogo akafungua mwenyewe. Sahani ikalia usoni, ikalia mgongoni. Akasonya. Kisha akachukua kikombe cha mtoto. Kidole chake hakikuingia kwenye kona za masikio. Akakigeuza, akakigeuza tena, akakaribia kukipandisha kwenye kichanja kama alivyozoea.

"Mwanangu," akasema bila kumtazama, "niangalizie hiki. Hapa kwenye masikio mimi sipaoni."

Mkwe akakipokea, akakipeleka kwenye mwanga. "Kimetakata."

"Usinidanganye."

"Kimetakata, Shangazi. Na kesho twende ukapimwe macho."

"Kesho nina sufuria."

"Keshokutwa, basi."

Shangazi akavuta pumzi. "Keshokutwa."

Jioni aliosha sufuria zake, mkwe amekaa pembeni akizipokea na kuzikagua moja moja, na mbili alimrudishia. Dodoki likakamuliwa, likatundikwa. Chumbani Shangazi akazitoa zile kanga begini, lakini begi akaliacha kitandani.

Asubuhi, kabla hajamwamkua mtu, alikwenda moja kwa moja kwenye msumari. Akaliminya dodoki. Lilikuwa kavu.

Akaliminya tena kwa mikono miwili, kwa sababu hakuwa mtu wa kuamini haraka. Kisha akarudi chumbani kulisukuma begi uvunguni.