Vidole vya Baridi vya Mama Furaha

Wa kwanza kushtuka alikuwa Faidha. Alikuja kusukwa twende kilioni, ile mistari ya haraka ya kwendea msibani, kwa sababu baba yake mdogo alikuwa amefariki kule Mnyambe na hakutaka kufika msibani na rasta kichwani. Alikaa kwenye mkeka, mgongo ukiegemea magoti ya msusi, akaanza kusimulia jinsi marehemu alivyoanguka shambani. Vidole vilipogusa utosi wake akanyamaza.

"Mama Furaha," alisema bila kugeuka, "umeshika barafu?"

"Barafu ya nini? Nimeshika kitana."

"Mikono yako, basi."

"Ni huu ukungu. Tangu asubuhi haujaondoka."

Ni kweli ulikuwa mwezi wa Julai, na Newala yote ilikuwa imefunikwa na ukungu mzito hata mtu akipita barabarani ulisikia ndala zake kabla hujamwona. Lakini Faidha aliinua mkono wake mwenyewe akaushika ule wa msusi. Wa kwake ulikuwa na joto. Huu mwingine ulikuwa na baridi ya mtungi, na ngozi yake haikurudisha chochote, kama vile nyuma yake hapakuwa na mtu. Wakaendelea, mistari mitatu, minne. Kisha Faidha akasema amekumbuka jambo nyumbani. Alijifunga kanga juu ya kichwa kilichosukwa nusu, akatoka, na hakurudi kumalizia.

Msusi mwenyewe, huyo Mama Furaha, aliitwa Yuliana, mzaliwa wa Chilangala, mke wa Ladislaus aliyekuwa na mikorosho yake huko huko. Walikuwa wamejenga pembeni ya mji, na kibanda cha kusukia kilikuwa mbele ya nyumba. Alikuwa mwanamke mcheshi, mwenye sauti ya juu, na wateja walimpenda kwa sababu alisuka bila kuumiza.

Yeye ndiye aliyeumia. Tangu usichana wake alikuwa na kipandauso. Kilianza na mwanga: alama ndogo inayometa pembeni mwa jicho, kisha inapanuka na kuwa kama meno ya msumeno yanayowaka, yakitetemeka. Akimtazama mtu wakati huo, nusu ya uso ilikuwa haipo. Haikuwa giza wala kivuli, haikuwapo tu. Mara nyingine alisuka kichwa ambacho upande wake mmoja alikuwa akiushika bila kuuona. Mwanga ukitoweka, maumivu yalishuka upande mmoja wa kichwa, pamoja na kutapika, na alijifungia chumbani na kanga usoni mpaka yapite. Miezi ya kupulizia salfa mikorosho ilikuwa mibaya zaidi. Ule unga wa njano na harufu yake vilimwamshia ugonjwa hata kabla mumewe hajavua nguo za shamba.

Mwaka uliotangulia alikuwa ameonwa na daktari, akapewa vidonge vya ergotamini. Daktari alimpima presha, akamuuliza kama ana mimba, akamweleza vizuri: anywe mapema mwanga unapoanza, asivinywe zaidi ya siku mbili kwa wiki, na popote atakapopewa dawa nyingine aseme kwanza kwamba anatumia hii. Yuliana aliitikia. Na dawa ilifanya kazi. Mara ya kwanza alipoona maumivu yanarudi nyuma kama mbwa aliyekemewa, alilia kwa furaha.

Miezi ya mwanzo alifuata. Halafu msimu wa salfa ukaingia, kipandauso kikawa kinarudi kila baada ya siku moja, naye akaanza kukiogopa kuliko alivyokiogopa zamani, kwa kuwa sasa alijua inawezekana kuishi bila hicho. Akawa anameza kidonge kabla mwanga haujaonekana. Kisha kila asubuhi. Ajabu ni kwamba kadiri alivyomeza, ndivyo alivyoamka na kichwa kizito. Hakujua kwamba dawa yenyewe, ikizidi, huzaa maumivu ya kichwa. Aliona ugonjwa umekuwa mkali, akaongeza.

Juu ya hayo akapata kikohozi cha kifua. Alikwenda duka la dawa, muuzaji akampa vidonge vya erithromaisini, akamwambia avimalize vyote. Muuzaji hakuuliza na Yuliana hakusema. "Nilidhani dawa ya kifua inakwenda kifuani," alieleza baadaye, "na ya kichwa inakwenda kichwani. Zitakutania wapi?"

Ilikuwa siku ya tatu ya vile vidonge Faidha alipoondoka na nusu ya nywele.

Kesho yake Yuliana alianza kuziona kucha zake zikiwa nyeupe, halafu zenye rangi ya zambarau. Vidole vilikufa ganzi. Miguu ikafuata, akitembea aliona kama anakanyaga kwa miguu ya kuazima. Alikuwa jikoni pale mama mkwe wake, Anjelina, aliyekuja kuwatembelea kutoka Chilangala, alipopiga kelele.

"Mama Furaha! Mguu!"

Yuliana akatazama chini. Kaa la moto lilikuwa limeruka kutoka mafigani na kutua juu ya kidole chake cha mguu, na ngozi ilikuwa inatoa moshi. Alisikia harufu. Hakusikia kitu kingine. Aliliondoa kwa mwiko taratibu, kama anayetoa takataka kwenye mguu wa mtu mwingine, na wale wanawake wawili wakatazamana.

Anjelina hakula alichokipika mkwewe siku ile. Alikaa barazani na kanga yake mabegani, na mwanawe aliporudi kutoka shambani akamwita pembeni.

"Baba Furaha, ulishawahi kumwona ndondocha?"

"Mama, usianze."

"Sisi tumewaona. Mtu anachukuliwa, anakwenda kulimishwa huko kusikojulikana, na nyumbani kinaachwa kitu chenye sura yake. Kinapika, kinaongea. Lakini hakina moto ndani." Akamtazama usoni. "Umemshika mkono mkeo?"

Ladislaus alikuwa amemshika. Alikuwa amemshika alfajiri ile, akidhani amelala vibaya ndiyo maana mkono umepoa, akausugua kwa viganja vyake muda mrefu, nao haukupata joto. Hakumwambia mtu. Jambo lililomtia hofu, alisema baadaye, si baridi yenyewe. Ni kwamba alipouachia, mkono ulianguka kitandani, na Yuliana, aliyekuwa macho, akauliza kana kwamba hakuwa ameguswa kabisa, "Mbona umenyamaza, hunishiki?"

Maneno yalikuwa yameshatoka nje ya nyumba. Faidha alisimulia msibani, na wengine wawili waliosukwa wiki hiyo wakathibitisha. Kibandani hakuja tena mtu. Wanawake wakipita kwenye ukungu walisalimia kutoka upande wa pili wa barabara, na sauti zao zilitangulia na kuondoka bila nyuso. Yuliana alikaa peke yake na kitana. Alianza kujishika mwenyewe shavuni, na kila mara alishtuka, kwa sababu shavu lilihisi mkono wa mgeni.

Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilipoanza kuwa cheusi nchani, Ladislaus alimpakia kwenye pikipiki akampeleka kituo cha afya.

Tabibu wa zamu aliitwa Sia, binti wa Kilimanjaro aliyekuwa na mwaka mmoja tu Newala. Wagonjwa walikuwa wamejaa kwenye benchi hadi mlangoni, na mlango haukufungika vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, daktari."

Sia alichukua mkono wake kutafuta mapigo. Akatulia. Akahamisha vidole. Akachukua mkono wa pili. Akainama akashika vifundo vya miguu, kimoja baada ya kingine, akainuka na uso umebadilika.

"Sipati mapigo," alimwambia muuguzi. "Mikono yote, hakuna. Miguu, hakuna."

Watu wa kwenye benchi walisikia. Yuliana naye alisikia, akiwa amekaa wima, macho wazi, anapumua. "Niliona kama wananizungumzia nikiwa nimeshaondoka," alisema. Sia akaweka kipimo kifuani, na hapo akasikia moyo ukidunda, wa kasi lakini mzima. Alivuta kiti akaketi karibu.

"Mama, unatumia dawa gani? Zote. Hata ya mafua, hata ya mitishamba."

Yuliana alifungua pindo la kanga kwa meno, kwa kuwa vidole havikuweza fundo, zikaanguka mezani pakiti mbili. Sia alizitazama, akazigeuza, akauliza moja ilinywewa mara ngapi na nyingine tangu lini. Alipojibiwa alishusha pumzi.

"Hujarogwa, mama. Nisikilize, na wewe Baba. Hii ya kichwa inabana mishipa ya damu. Ndiyo kazi yake, na ukinywa kidogo ini linaivunja na mwili unaitoa. Wewe umeizidisha. Halafu hii ya kifua inalizuia ini lisiivunje. Kwa hiyo kila kidonge ulichomeza kimebaki ndani, kikibana juu ya kubana. Damu haifiki vidoleni. Kuanzia sasa hivi hunywi hata kimoja, na tunakupeleka hospitali ya Masasi leo."

"Vidole vyangu vitarudi?"

"Mmewahi kufika," Sia alisema. "Sitaki kukuahidi vyote."

Gari la wagonjwa liliondoka mchana ule, Ladislaus ndani yake, na simu yake ikaisha chaji kabla hawajafika. Nyuma yao watu wa kwenye benchi walikuwa wameshasambaa. Mmoja alisema Mama Furaha hana mapigo. Wa pili alisema daktari amemtafuta mapigo hakuyapata. Habari ilipofika nyumbani ilikuwa fupi zaidi. Majirani walianza kuingia, wakatandika mikeka, wakawasha moto nje. Anjelina akajifunga kanga kiunoni akaanza kulia.

Asubuhi Ladislaus aliazima chaja wodini akapiga simu nyumbani. Alisikia kilio kabla hajasema neno.

"Mama, kuna nini? Nani amefariki?"

Akasikia jina la mkewe katikati ya kilio. Kisha akaelewa, akasema kwa haraka kwamba mkewe yuko hai, huyu hapa, ongea naye. Upande wa pili mtu alifungua spika.

"Mama, ni mimi," Yuliana alisema. "Sijafa. Nimewekewa dripu."

Waombolezaji walipiga ukelele, wengine wakatoka mbio na kuacha ndala. Anjelina hakukimbia. Alisogeza mdomo kwenye simu akasema polepole, "Sauti ni yake. Lakini sauti si mtu."

Yuliana alimrudishia mumewe simu. Alikuwa amewasikia wakilia kwa jina lake, kila mmoja kwa sauti aliyoifahamu, na kwa dakika kadhaa, akitazama mikono yake ya kijivu juu ya shuka, hakuwa na hakika kwamba wao ndio waliokosea.

Madaktari wa Masasi walimpa dawa za kufungua mishipa na kuzuia damu isigande. Damu ilianza kurudi siku iliyofuata, na ilirudi kama moto. Alipiga kelele hadi wodi nzima ikaamka. Muuguzi alimwambia apige tu, maumivu hayo ni ya kiungo kilicho hai. Halafu kipandauso kikaja kulipiza kwa kuachishwa dawa ghafla, siku nyingi mfululizo, naye akakivumilia kwa dawa walizochagua wao, wakimchunga. Ncha ya kidole kidogo cha kushoto haikupona. Waliikata. Vingine vyote vilibaki.

Aliporuhusiwa na kufika nyumbani, hakutoka mtu kumpokea. Anjelina alikuwa barazani, hakuinuka.

"Shikamoo, Mama."

Mama mkwe hakuitikia. Yuliana alikaa chini mbele yake, akanyoosha mkono, akamwonyesha pa kushika kwenye kifundo cha mkono, kama Sia alivyofanya. Ilichukua muda. Hatimaye vidole vikavu vya yule mama viligusa ngozi, vikakaa, vikabonyeza. Ladislaus aliyesimama mlangoni aliona midomo ya mama yake ikitikisika pamoja na kitu alichokuwa akikihisi.

"Marahaba," Anjelina alisema, na hakuachia mkono.

Siku hizi Yuliana anasuka tena. Ana kidonge kingine cha kinga, anachokunywa kila siku kama alivyoandikiwa, na cha maumivu anakitumia mara chache, kwa siku alizopangiwa, hata kama kichwa kinambembeleza aongeze. Wakati wa salfa mumewe anavulia nguo shambani. Akiingia duka la dawa, hata kama amefuata panadoli ya mtu mwingine, hutaja kwanza dawa zake zote kwa sauti yake ya juu, na foleni nzima husikia. Ergotamini aliambiwa asiiguse tena maisha yake yote.

Faidha hakurudi. Walimu na wafanyakazi waliohamia kutoka mikoa mingine ndio wanaojaza kibanda sasa, maana hawajui lolote. Wenyeji wanakuja mmoja mmoja. Wengine wakishakaa, na kibanda kikiwa hakina mtu mwingine, humwuliza kwa kunong'ona huko alikokwenda kulikuwaje.

Huwajibu kwamba alikwenda Masasi. Wao hutikisa kichwa taratibu, kama watu wanaoelewa kwamba amekatazwa kusema zaidi.