Kadi ya Mama Mdogo

Nimerudi Korogwe na diploma ya uchapaji niliyoitafuta kwa jasho langu, na kadi zangu za harusi hazina mpinzani. Leo nimepika gundi ya unga wa muhogo. Harufu yake imenirudisha Misima, kijiji chetu cha ujamaa, dada akibandika kipande cha kanga ya marehemu mama kwenye kadi ya harusi yake ya kumwalika mama mdogo, aliyegombana na baba msibani akaapa hatakanyaga kwetu.

“Kadi ya nini, mjukuu wangu? Mwenyewe hajui kusoma!” bibi alimcheka.

“Hii ataisoma, bibi.”

Siku ya harusi mama mdogo aliingia, amejitanda kanga ya pili ya doti ileile. Nilimkimbilia, nikaficha uso humo.

Kadi zangu zina wino wa dhahabu. Gundi imeshapoa, bado nainusa.